Kata ya Reli isiyo na treni

Mpwa wangu alikuja kututembelea Mtwara mwezi wa saba, mara yake ya kwanza kuvuka Rufiji. Tulipanda bajaji pale sokoni, na mama mmoja aliyebanana nasi, kapu la nyanya mapajani, akamwambia dereva, "Mwanangu, mimi utanishusha Reli." Kijana akainua macho kutoka kwenye simu. "Kumbe huku kuna treni? Anko, inapita saa ngapi?"

Dereva alicheka mpaka bajaji ikayumba. Nikamwambia mpwa wangu amechelewa kidogo, maana reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962.

Reli ni kata halali ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Ina diwani, ina wapiga kura, ina watu wanaogombana kuhusu mifereji. Kinachokosekana ni reli. Sisi tunaoishi hapa hatulishangai tena jina hilo, kama vile hatushangai kwamba uwanja wetu mkuu wa mpira unaitwa Nangwanda Sijaona. (Ni jina la mwanasiasa wa TANU, Lawi Nangwanda Sijaona. Ila timu ya nyumbani ikifungwa, hakuna mtani anayeacha kuuliza kama mabao waliyaona.) Mgeni ndiye anayeona, na yule kijana akishaanza kuuliza hanyamazi. Kwa nini barabara za mji huu ni pana hivi wakati magari yenyewe ni ya kuhesabu? Kwa nini kutoka Shangani hadi sokoni unapita mapengo ya minazi na nyasi, kana kwamba mtu alidondosha vipande vya mji akasahau kuviunganisha? Mikindani ina majumba ya mawe ya zamani, Mtwara haina, imekuwaje basi Mikindani ndiyo iwe mkia wa jina la manispaa?

Ukiyajibu maswali hayo moja moja unapata vipande tu. Mimi nadhani yote yana mzizi mmoja. Huku kusini mji hufuata mzigo. Mzigo wa zama ukibadilika, mji mkuu unakunja mkeka na kuhamia penye bandari inayouweza mzigo mpya.

Tuanze Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara. Mzigo wa zama zile ulikuja kwa miguu, pembe za ndovu na watu waliotiwa minyororo, kwa misafara iliyotoka mpaka upande wa Ziwa Nyasa. Majahazi hayahitaji gati, yanahitaji ghuba iliyotulia, na Mikindani inayo. David Livingstone aliteremka hapo Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangemudu mbung'o. Wajerumani walipokuja wakajenga boma lao juu ya kilima mwaka 1895, na hadi leo lipo, jeupe, limegeuzwa hoteli. Lakini nenda Mikindani maji yakishatoka. Mitumbwi imelala ubavu kwenye tope, na wanawake wanainama wakichokonoa chaza pale ambapo asubuhi kulikuwa na bahari. Meli za moshi zilipoanza kuwa kubwa, ghuba ile ikabaki ya wavuvi.

Lindi ikachukua zamu, na hapa lugha yenyewe inatucheka. Kiswahili kina neno lindi, shimo refu lisiloonekana mwisho. Ndiyo maana tunasema lindi la giza, na maji marefu ya bahari tunayaita kilindi. Sasa mji wenye jina hilo ulikuja kunyang'anywa ukubwa wake kwa sababu bandari yake haina kina cha kutosha. Iko kwenye mdomo wa mto Lukuledi, na mto haukomi kuleta mchanga.

Kabla ya hapo, hata hivyo, Lindi ilipitisha mzigo ambao sijui kama kuna mji mwingine Afrika uliwahi kuupitisha. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Berlin likaleta msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ukachimba hadi 1913. Kila mtu huku anaujua mwisho wa hadithi, kwamba mjusi wetu mkubwa, yaani dinosaria, amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi utosini, na kila baada ya muda mbunge mmoja anauliza atarudi lini. Sehemu ya katikati ndiyo haisimuliwi. Ile mifupa ilifikaje baharini?

Ilifika vichwani. Hapakuwa na barabara wala gari, na punda na ng'ombe wangekufa kwa mbung'o. Mfupa ulipotolewa ulipakwa plasta na udongo, ukafungwa kwa mianzi na kamba, mpagazi akaunyanyua. Mfupa mkubwa ulibebwa na watu kadhaa kwa mti mabegani. Mwendo ulikuwa siku nne hadi Lindi, halafu kurudi, halafu tena. Hivyo ndivyo zilivyobebwa tani zaidi ya 200. Kumbuka mwaka wenyewe, 1909. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907, na nchi hii ilikuwa imetoka kuchomewa mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu kuliko risasi. Waliokwenda kubeba mifupa ya Mjerumani kwa ujira wengi wao ni watu waliokwishapoteza mavuno yao mikononi mwa Mjerumani huyo huyo. Mtu akisema walivutiwa na sayansi, namwomba anywe maji kwanza.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Alijua kusoma ardhi, na Wajerumani wenyewe walimtegemea kutenganisha mfupa na jiwe. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru, aliyetambuliwa upya kutoka kwenye mifupa iliyokaa Berlin karibu karne nzima, alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii. Mwingereza naye alikuja kuchimba kuanzia 1924. Kiongozi wake wa kwanza, William Cutler, alikufa Lindi kwa malaria mwaka uliofuata.

Haya, karanga.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Uingereza haikuwa na mafuta ya kula. Majarini na sabuni vilikuwa vya mgao. Serikali yake ikapata wazo la kulima karanga kwa matrekta Afrika Mashariki na ya Kati, zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangwa iwe huku, Jimbo la Kusini, kuzunguka Nachingwea. Shida ni kwamba kusini hakukuwa na bandari ya kupokea mitambo wala reli ya kuifikisha shambani. Kwa hiyo mwaka 1947 wakaanzia Kongwa, kwa sababu tu Kongwa iko jirani na reli ya kati. Huko wakakutana na mibuyu, nyuki, na udongo ambao ukikauka jua linaugeuza tofali. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta havikusaidia.

Nachingwea udongo ulikuwa mzuri zaidi, ila kila kitu kilisubiri njia. Reli ya kwanza ikatokea Mkwaya, kijibandari ndani ya mdomo wa Lukuledi karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Lakini mpango wa kweli haukuwa Lindi. Wahandisi walikuwa wameshapima bahari, wakaona kwamba jirani na Mikindani kuna ghuba nyingine, mlango wake mwembamba, ndani maji marefu na yaliyotulia, ambako meli kubwa inaweza kuegemea ukuta. Penyewe palikuwa na vijiji vya wavuvi. Pakapimwa mji, barabara pana, viwanja vikubwa vya wazungu Shangani penye upepo wa bahari, makazi ya Waafrika mbali nao, uwanja wa ndege, gati, na kituo cha treni. Nafasi zikaachwa katikati, zijazwe mji utakapokua kwa fedha za karanga.

Januari 1951 mpango ukafutwa. Pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Karanga zilizovunwa zilikuwa kidogo kiasi kwamba waliolima wenyewe walionea haya kuzitaja.

Lakini bandari haifutwi kwa tangazo. Zege lilikuwa linamwagwa, mikataba imesainiwa, na gati la Mtwara, ukuta wa mita 385, likakamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya zao lililoliita kufa. Makao ya jimbo yalikwishahama kutoka Lindi. Treni ikaja Mtwara pia, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi, ikibeba korosho na ufuta wa kutosha kujaza mabehewa mawili matatu. Mwaka 1962, nchi haijatimiza mwaka wa uhuru, ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Tuta la reli bado lipo sehemu nyingi kwenye njia ya kwenda bara, na watu wanalitumia kama njia ya baiskeli bila kujua kwa nini njia yao imenyooka hivyo.

Hilo ndilo jibu la mapengo yaliyomshangaza mpwa wangu. Mji wetu ni kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mnene ambaye hakuja harusini. Tumeivaa sisi, na mpaka leo tunakunja mikono. Ukiona nyasi kati ya Shangani na sokoni, ujue hapo palikuwa pawe na maduka ya karanga.

Kina kile cha maji unakiona vizuri zaidi Shangani jioni. Watoto wanaogelea, mchuuzi wa pweza anapuliza jiko lake, kachumbari iko kwenye beseni. Mara nyuma ya vichwa vya watoto inapita meli ndefu kama mtaa, karibu kiasi kwamba unamwona baharia ameegemea chuma anavuta sigara. Mkondo wa kuingilia bandarini unapita pale pale ufukweni. Mpwa wangu aliruka akidhani inapanda mchangani. Muuza pweza hakugeuka hata. Alimuuliza tu, "Mguu au kichwa?"

Ila mashamba ya Nachingwea hayakulala bure kabisa. FRELIMO walipopigana na Wareno, moja ya kambi zao kubwa ilikuwa Nachingwea. Samora Machel aliwanoa wapiganaji wake huko, na mwaka 1975 akaondoka kuelekea nyumbani kuwa rais. Msumbiji, ukipenda kulisema hivyo, ilipandwa kwenye nchi iliyokataa karanga.

Baada ya karanga, mzigo wetu ukawa korosho. Mkorosho uliletwa na Wareno karne nyingi zilizopita, lakini kilimo kikubwa cha kuuza ni cha karne ya 20. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zaidi ya 140,000, sehemu kubwa kutoka Mtwara na Lindi. Halafu vikaja vitu vitatu kwa pamoja. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye mikorosho yao, mkulima akawa anaishi hapa na shamba liko kilomita kadhaa, limemezwa na pori. Bei ikawa ya kukatisha tamaa. Na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukashika maua. Msimu wa 1986/87 zilipatikana kama tani 16,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikawa maghala.

Fikiria familia ya Newala au ya Mchinga mwaka ule. Mzigo umekwisha. Barabara ya kwenda Dar es Salaam haipitiki masika, kivuko cha Rufiji kina foleni ya siku, basi linalala njiani usiku wa kwanza na wa pili. Vijana waliofika mjini hawakuwa na mtaji wala ndugu ofisini. Wakaanza kuuza vitu vidogo vidogo mkononi, soksi, vitana, karanga pia. Watu wa Dar wakawaita kwa jina la kabila dogo la kaskazini ya Lindi, Wamachinga, hata kama muuzaji mwenyewe ni Mmakonde au Mmwera. Leo neno machinga linatumika Mwanza na Mbeya, liko kwenye hotuba za mawaziri, kuna na jengo zima lenye jina hilo pale Dar. Wapo wanaosema limetoka kwenye Kiingereza, na maelezo yao ni marefu. Mimi nikisikia maelezo marefu kwa neno ambalo lina kabila lake, lugha yake na makaburi yake hapo Lindi, naomba chai. Korosho zilipokauka, mzigo uliotoka kusini ulikuwa ni vijana.

Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso huko Masasi. Kipande cha lami kati ya Ndundu na Somanga kilichelewa miaka zaidi ya kumi mingine. Na Mei 2024 mvua zikaikata barabara eneo lile la Somanga, kusini tukakaa siku kadhaa tumetengwa kama zamani. Bei ya nyanya ilitukumbusha jiografia.

Korosho zenyewe zilirudi. Salfa ilidhibiti ubwiriunga, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wakatoa miche bora, na msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000. Ukitaka kujua kama msimu umeanza huhitaji kalenda. Mabibo yananuka njiani, uraka, pombe ya mabibo, unapatikana, bodaboda mpya hazijaondolewa nailoni kwenye viti, na madalali wa kangomba, wanunuzi wa magendo, wananong'ona na wakulima waliokwisha kula fedha za korosho zikiwa bado maua. Serikali iliposisitiza korosho zipite bandari ya Mtwara badala ya kusafirishwa kwa malori hadi Dar, mama ntilie wa barabara ya bandarini walielewa maana yake kabla ya wachumi. Dereva anayesubiri kushusha anakula mara tatu kwa siku.

Na hapo ndipo ninapoielewa gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipotangaza bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, mji huu ulichemka, na Mei 2013 ukawaka kweli. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, askari wakajaa mitaani. Magazeti ya siku zile yaliandika kana kwamba watu wa kusini hawaelewi nchi ni moja. Sijaona wengi waliotazama nyuma. Pembe za ndovu zilituachia mji wa Mikindani. Mifupa, pamoja na uchungu wake wote, iliacha ujira wa mpagazi na biashara ya unga Lindi. Karanga ambazo hazikuota ziliacha gati. Gesi ni mzigo wa kwanza katika pwani hii unaoweza kuondoka bila mtu kuugusa. Hauna mpagazi, hauna kuli, haulali njiani, hauli wali maharage. Ukiwa umezaliwa penye mji unaofuata mzigo, mzigo unaopita chini ya ardhi unakutisha hata kama hujui kueleza kwa nini. Sisemi kuchoma nyumba kulikuwa sawa. Nasema hofu yao ilikuwa na historia.

Tangu karibu mwaka 2021 mzigo mpya ni makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Malori yanashuka usiku na mchana, gati jipya la mita 300 limejengwa pembeni ya lile la karanga, na nguo zilizoanikwa karibu na barabara kuu zinabadilika rangi kabla ya kukauka. Lindi inatutazama kwa jicho la mke mkubwa. Tangu 1971 ni mkoa unaojitegemea, na kusema kweli machweo yake ni mazuri kuliko yetu. Nao wana vichekesho vyao vya majina, kwani kata moja ya mji wa Lindi inaitwa Nachingwea, na Nachingwea yenyewe iko mbali bara, wilaya nzima. Kuna kata inaitwa Wailes, kama ile ya Temeke, ambayo ukiitamka polepole unasikia redio ya mkoloni ndani yake. Rahaleo iko Lindi, iko na Mtwara. Hilo sijaliundia nadharia.

Siku ya mwisho ya mpwa wangu tulikaa kijiweni tukinywa kahawa. Akawa anasoma kwenye simu habari za mpango wa serikali wa kujenga reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma kwenye chuma na makaa. Njia ileile ya misafara, karibu. Akasoma kwa sauti, kilomita kama elfu moja. Mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao, ambaye nilidhani hasikilizi, akaweka kete zake, akala nyumba mbili za mwenzake, ndipo akasema:

"Wakija waambie wasihangaike na jina la kituo. Kata tunayo."